Henry Yesler, Kinu Chake cha Mbao na Watu wa Nyumba Yake



Juma lililopita tulisimama na wazee wa kigango kimoja tukihesabu mbao za kenchi. Kila ubao uliguswa, ukageuzwa, ukatazamwa kama umepinda. Tulipokuwa tukihesabu, mzee mmoja alitukumbusha jinsi mbao zilivyopatikana zamani za utoto wake: gogo huwekwa juu ya shimo, mtu mmoja husimama juu ya gogo na mwingine huingia shimoni, nao huvutana msumeno mrefu kutwa nzima, yule wa chini akifumba macho kwa sababu ya maranda yanayomwangukia usoni. Siku nzima ya kazi, na mbao zenyewe ni chache za kuhesabika.

Maneno ya mzee yule yameturudisha kwenye habari ya mtu mmoja tuliyemsoma siku nyingi, na ambaye hatujapata kumtaja hapa. Jina lake Henry Yesler. Ndiye aliyeleta kinu cha kwanza cha mbao chenye kuendeshwa kwa mvuke katika ghuba ya Puget, kaskazini-magharibi ya Marekani, na kwa kinu hicho mji wa Seattle ukapata kusimama. Tunaomba uvumilivu wenu, kwa maana si habari ya mtakatifu, wala si ya mwovu kabisa.

Yesler alizaliwa mwaka 1810 katika kijiji cha Leitersburg, jimbo la Maryland. Alijifunza useremala na ufundi wa vinu, akahamia Massillon katika jimbo la Ohio, na huko mwaka 1839 akamwoa Sarah Burgert. Wakajaliwa mtoto wa kiume, George. Mwaka 1851, akiwa amekwisha kupita miaka 40, umri ambao watu wengi hutamani kutulia, akamwacha mkewe na mtoto, akaelekea pwani ya magharibi kutafuta mahali pa kujenga kinu. Fedha za mashine zilikuwa za mkopo, kutoka kwa tajiri mmoja wa Massillon aitwaye John McLain. Mkopo huo tutaukuta tena mbele.

Ni lazima kueleza kwa nini mbao zilikuwa na thamani kubwa namna hiyo. Mwaka 1848 dhahabu iligunduliwa California, tena iligunduliwa katika mfereji wa kinu cha mbao! Watu wakamiminika kwa maelfu, na mji wa San Francisco ukakua usiku na mchana. Ukajengwa kwa mbao, ukaungua, ukajengwa tena kwa mbao, ukaungua tena. Kati ya mwaka 1849 na 1851 uliteketea mara kadhaa. Kila moto ulipozimika bei ya mbao ilipanda. Kule kaskazini, kandokando ya ghuba ya Puget, misonobari na mierezi mikubwa ajabu iliota hadi ukingoni mwa maji ya chumvi, meli zikiweza kuikaribia. Kilichokosekana ni msumeno.

Yesler alifika mwezi Oktoba mwaka 1852. Alikuta walowezi wachache waliotua pwani ile mwezi Novemba mwaka uliotangulia, wakaishi kwa kuuza nguzo kwa meli zilizopita. Mahali pazuri pa ufukweni palikuwa pamekwisha kuchukuliwa. Lakini walipotambua kwamba mgeni huyu amekuja na habari ya kinu, wawili wao, Carson Boren na David Maynard, wakasogeza mipaka ya viwanja vyao ili apate ukanda mwembamba wa ardhi kutoka baharini mpaka kwenye msitu wake uliokuwa juu mlimani. Sisi tuliokwisha kusuluhisha ugomvi wa mipaka ya mashamba tunajua si jambo dogo mtu kung'oa mpaka wake kwa hiari. Walifanya hivyo kwa kuwa waliona faida yao humo, na faida ikapatikana kweli.

Ila haitupasi kusahau kwamba ardhi waliyogawiana kwa ukarimu huo ilikuwa na wenyewe. Waduwamish na Wasuquamish walikuwa wakiishi hapo tangu enzi za mababu, wakivua samaki na kuchuma chaza. Mkuu wao mmoja, ambaye walowezi walitamka jina lake Seattle, alikuwa amebatizwa Mkatoliki na kuitwa Noah. Walowezi walimpenda, wakaupa mji jina lake. Ibada ya kwanza mahali pale hutajwa kuwa ile iliyoongozwa na Askofu Modeste Demers wa Kisiwa cha Vancouver mwaka 1852, mbele ya Waprotestanti wengi kuliko Wakatoliki, kwa sababu hapakuwa na padre wala mchungaji mwingine.

Mwishoni mwa mwezi Machi mwaka 1853 kinu kikaanza kupasua. Gogo lilikatwa juu mlimani, likaburutwa na ng'ombe mpaka kwenye njia iliyotengenezwa kwa magogo madogo yaliyolazwa kwa kukingama, yakapakwa mafuta ya samaki ili yateleze. Hapo gogo likateremshwa hadi mlangoni mwa kinu. Moto wa mashine ulilishwa kwa masalio ya miti ileile iliyopasuliwa, kwa hiyo kinu kilijilisha chenyewe. Mbao zikapakiwa melini kwenye gati la Yesler, na meli zikarudi na unga, sukari, misumari na nguo. Njia ile ya magogo ikawa mtaa; ukaitwa Mtaa wa Kinu, na baadaye ukapewa jina la Yesler. Miaka mingi baada ya magogo kukoma kuteremka, jina la njia za namna hiyo lilibaki katika lugha ya Wamarekani likimaanisha mtaa wa walevi na watu waliokosa makao. Wakata miti wasio na kazi walikuwa wakikusanyika huko chini, na jina likawafuata.

Maranda hayakutupwa. Chini ya mji palikuwa na kinamasi na maji yaliyopwa na kujaa, na Yesler alimwaga humo maranda na mabanzi mwaka hata mwaka mpaka pakawa nchi kavu. Sehemu kubwa ya mji wa mwanzo ilisimama juu ya maranda ya kinu hicho. Alivuta maji pia kutoka chemchemi za mlimani kwa mifereji ya mbao. Na karibu na kinu alijenga nyumba ya magogo ya kulia chakula wafanyakazi, ambayo mara moja iligeuka kuwa kila kitu: hoteli, mahakama, ukumbi wa mikutano, mahali pa kuhubiria, na pa kumfungia mhalifu palipohitajika. Parokia zetu changa zinaijua nyumba ya namna hiyo, ile ambayo asubuhi ni darasa, mchana ni zahanati na Dominika ni kanisa.

Karibu kila mlowezi mwanamume wa mji ule alipata kufanya kazi kwa Yesler wakati fulani. Lakini kinu hakingeweza kwenda kwa mikono ya walowezi peke yao, walikuwa wachache mno. Wenyeji wa asili ndio waliojaza nafasi, wakiburuta magogo, wakipanga mbao, wakipakia meli. Yesler aliishi nao kwa karibu kuliko walowezi wengi, akaaminiwa nao. Mkuu mmoja wa Waduwamish, ambaye wazungu walimwita Curley, alikuwa na binti aliyeitwa Susan. Sarah alikuwa bado Ohio. Yesler akaishi na Susan, na mwezi Juni mwaka 1855 akazaliwa mtoto wa kike, Julia.

Tunapofika hapa tunajua baadhi yenu mmekwisha kutikisa kichwa. Habari hii haihitaji tafsiri kwenu. Ni nani asiyejua nyumba yenye baba aliyekwenda mbali kutafuta riziki, migodini, bandarini au mashambani, akaandika barua za kuahidi kurudi, na huko alikokwenda akazaa?

Mwaka uleule wa 1855, mwezi Januari, wakuu wa wenyeji, Seattle akiwa miongoni mwao, walikuwa wametia alama zao kwenye mkataba wa Point Elliott uliowanyang'anya nchi yao na kuwaahidi maeneo ya kutengwa. Manung'uniko yakazaa vita. Tarehe 26 Januari 1856 mji ukashambuliwa, na manowari ya Decatur iliyokuwa imetia nanga ghubani ikajibu kwa mizinga. Onyo la mapema liliufikia mji kupitia watu wa Curley waliomwamini Yesler, na boma la kujikinga lilijengwa kwa mbao za kinu chake, safu mbili za mbao na udongo katikati. Walowezi wawili waliuawa. Kwa kadiri tuonavyo, mji ule uliokolewa na udugu ambao baadaye uliona haya kuutaja.

Sarah aliwasili mwaka 1858. Alikuwa amekaa miaka saba bila mume. Alimwacha George Ohio, na mwaka uliofuata habari zikafika kwamba mtoto amefariki. Hawakupata mwingine. Baba ambaye tangu mwaka 1851 hakumwona mwanawe hakumwona tena. Katika maisha yote ya Yesler, utajiri na madeni yake, hatuoni jambo lililomgharimu zaidi ya hili, ingawa waandishi wa historia ya kinu hulipitia kwa sentensi moja.

Susan aliondoka nyumbani humo. Julia alikua akijulikana kwa jina la Benson, si jina la baba yake. Hivyo mtu yule alikuwa na mtoto mmoja aliye hai, katika mji uleule mdogo, naye hakuitwa kwa jina lake.

Mwaka 1865 mji ulipopata serikali yake ya kwanza, miongoni mwa amri zake za mwanzo ilikuwamo moja iliyowakataza wenyeji wa asili kukaa mjini, isipokuwa wale ambao waajiri wao wangewapa mahali pa kulala. Mji uliokuwa na jina la mkuu wao ukawafungia mlango, ukaacha ufa mdogo wa kupitisha mikono ya kazi. Mkuu Seattle alifariki mwaka uliofuata, akazikwa ng'ambo ya maji, katika makaburi ya misheni ya Kikatoliki ya Suquamish. Na katika mwaka huohuo wa 1866 walowezi wapatao 170 walitia sahihi barua ya kupinga Waduwamish wasipewe eneo lao wenyewe kando ya mto. Yesler alikuwa mmoja wa waliotia sahihi. Watu wa mama wa binti yake! Hatumhukumu kuliko wengine, maana karibu wenye mji wote walitia sahihi. Lakini wengine hawakuwa na ukoo huo, na hapo ndipo tunaposhindwa kumtetea. Mpaka leo Waduwamish wanaendelea kuidai serikali ya Marekani iwatambue rasmi kama taifa.

Tugeuke kidogo kumtazama Sarah, ambaye wengi humsahau. Mwanamke huyu aliyefika katika mji wa matope na kelele za msumeno hakukaa kulia. Chama cha maktaba kilipoanzishwa mwaka 1868 yeye ndiye aliyetunza vitabu. Susan B. Anthony, mpigania haki ya wanawake kupiga kura, alipozuru Seattle mwaka 1871, alifikia nyumbani kwa Yesler, na Sarah akawa kiongozi katika chama cha kudai haki hiyo. Mwaka 1884 alikuwa mmoja wa akina mama walioanzisha umoja wa kusaidia watoto yatima na maskini. Katika mambo ya dini yeye na mumewe waliandama mafundisho ya kuongea na mizimu ya wafu, jambo tusiloweza kulisifu. Walakini tunapokumbuka mtoto aliyezikwa maili maelfu mbali nao, tunaelewa walikuwa wakitaka kumsikia nani.

Kinu chenyewe hakikumtajirisha Yesler kama watu walivyodhani. Katika mwaka uleule wa 1853 kampuni ya Pope na Talbot, yenye mtaji mkubwa na meli zake yenyewe, ilianza kupasua mbao Port Gamble, upande mwingine wa ghuba, nayo ikaendelea mpaka mwaka 1995. Yesler hakuweza kushindana nayo. Mkopo wa McLain ulimwandama, hata wakafikishana mahakamani. Utajiri wake ulitoka katika ule ukanda wa ardhi na msitu wa mlimani, ambavyo sasa vilikuwa katikati ya mji. Alikuwa na ardhi nyingi na fedha taslimu kidogo, hali inayofahamika kwa wazee wetu wengi wenye mashamba. Mwaka 1876 akabuni njia ya kujikwamua: bahati nasibu kubwa, tiketi dola 5, na miongoni mwa zawadi kinu chenyewe. Mahakama ikasema ni kamari, ikamtoza faini, na bahati nasibu haikuchezwa.

Alikuwa meya mwaka 1874, kisha tena mwaka 1885. Kipindi hicho cha pili kilimkuta na jaribu zito. Wachina waliokuwa wamejenga reli na kuchimba makaa ya mawe walichukiwa na vibarua wazungu, ambao waliwashutumu kwa kukubali ujira mdogo. Mwezi Februari mwaka 1886 makundi ya watu yalikwenda nyumba kwa nyumba, yakawatoa Wachina wapatao 350 na kuwaswaga hadi gatini ili wapandishwe melini. Gavana akatangaza utawala wa kijeshi, risasi zikafyatuliwa, mtu mmoja akafa. Baada ya siku chache Wachina karibu wote walikuwa wamekwenda. Yesler hakuwa kiongozi wa ghasia, wala hakuwa mtu aliyezizuia.

Tena miaka minne kabla ya hapo, mwezi Januari mwaka 1882, umati ulikuwa umewanyakua watuhumiwa wawili wa mauaji kutoka mikononi mwa mahakama na kuwanyonga kwenye boriti iliyowekwa katikati ya miti ya kivuli mbele ya nyumba ya Yesler. Kisha ukamtoa mtu wa tatu jela, naye akanyongwa palepale. Inasimuliwa kwamba mwenye nyumba alilifanyia jambo hilo mzaha. Boriti, kamba, miti: hata kifo katika mji ule kilitumia bidhaa za msitu.

Wakati nchi ilipokuwa katika dhiki ya fedha, Yesler na Sarah walijenga jumba la vyumba 40 kwa watu wawili. Walihamia humo mwaka 1886, na mwezi Agosti mwaka 1887 Sarah akafariki. Tumewahi kuona picha ya jumba hilo, na tumejiuliza mzee yule wa miaka 76 alilala chumba kipi.

Tarehe 6 Juni 1889 sufuria ya gundi katika karakana ya seremala ilishika moto. Majengo yalikuwa ya mbao, barabara zilitandikwa mbao, hata mabomba ya maji yalikuwa magogo yaliyotobolewa. Mitaa zaidi ya 20 iliteketea pamoja na gati la Yesler na mali zake za ufukweni, jumba likanusurika. Mji ukaamuru majengo mapya ya katikati yawe ya matofali na mawe, ukainuka kwa kasi ya ajabu. Mwaka 1880 ulikuwa na watu 3,533. Mwaka 1890 walihesabiwa 42,837. Yesler naye akajenga jengo kubwa la mawe mahali ilipokuwa nyumba yake ya zamani, na lingalipo hadi leo.

Mwaka 1890 alioa mara ya pili, msichana wa ukoo wake kutoka kijiji alichozaliwa, Minnie Gagle, aliyekuwa mdogo kwake kwa zaidi ya nusu karne. Alifariki tarehe 16 Desemba 1892. Watu waliokuwa wakimwamkia kwa heshima wakaanza mara moja kugombania wosia wake. Mjane akatuhumiwa kuuficha, kesi zikafunguliwa. Jumba likafanywa maktaba ya mji mwaka 1899, likaungua mwanzoni mwa mwaka 1901 pamoja na vitabu karibu vyote. Mahali hapo leo pana mahakama.

Mkuu Seattle alikuwa na binti, Kikisoblu, ambaye walowezi walimwita Angeline. Amri ya mwaka 1865 haikumtoa. Alikaa katika kibanda karibu na ufuko, akifua nguo za wazungu na kusuka vikapu vya kuuza, watoto wakorofi wakimtupia mawe na yeye akiwarudishia. Aliyajua mambo ya Yesler tangu siku kinu kilipowashwa: alimjua Curley, alimjua Susan, alimjua mtoto. Alikuwa Mkatoliki. Alipofariki tarehe 31 Mei 1896, Misa ya mazishi ilisomwa katika kanisa la Mama Yetu wa Msaada Mwema, na mji uliokuwa umewakataza watu wake kulala ndani yake ukajaa barabarani kumsindikiza. Jeneza lake lilichongwa kwa umbo la mtumbwi. Alikuwa ameomba azikwe karibu na rafiki yake wa zamani, mwenye kinu, wakamzika huko, katika makaburi ya Lake View.

Julia alikuwa na miaka 40 wakati huo. Alikuwa ameolewa na Charles Intermela, naye alifariki mwaka 1907. Njia ya magogo iliyopakwa mafuta ya samaki, aliyoiona utotoni mwake, wakati huo ilikuwa imekwisha kubandikwa jina la baba yake.